Kompyuta imesema 34, na mama bado hajui

BARUA

Mama mshauri, jambo sana.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na mama yuko chumba cha pili. Tangu mwaka jana anatumia vipande vya vitenge vya zamani kuzuia damu, na kila alfajiri anavifua mwenyewe nyuma ya nyumba kabla hatujaamka. Anafikiri hatujui. Sote tunajua.

Mimi ni mtoto wa kwanza, nina miaka 38, mjane, na ninaishi na watoto wangu watatu katika parseli (kiwanja chenye nyumba) ya wazazi hapa Katuba, Lubumbashi. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Alipoacha kazi mwaka 2003 pamoja na wale wengi walioondoka kwa hiari, fedha aliyopata ndiyo iliyonunua parseli hii. Alifariki miaka sita iliyopita. Mama ana miaka 56, anauza unga wa bukari kwa meka, kile chombo cha kupimia, sokoni, na mpaka mwezi uliopita alikuwa bado anabeba mfuko mwenyewe.

Damu ilianza wakati alikuwa ameacha kuona mwezi kwa miaka mitano. Kituo cha afya cha kwanza kilimpa dawa za uambukizo, mara tatu. Mwishowe munganga mwingine alimkata kinyama kidogo, akapeleka kupima, jibu likarudi: kansere ya mlango wa kizazi, hatua ya 2B. Alituchorea kwenye karatasi. Uvimbe umetoka kwenye mlango wenyewe, umeingia katika nyama za kando, lakini haujafika kwenye ukuta wa nyonga. Alisema kupasua hakufai tena. Kinachofaa ni mionzi pamoja na dawa ya kemo, na akatuelekeza Lusaka, Zambia.

Tulivuka mpaka wa Kasumbalesa mama akiwa amekalia kitambaa juu ya kitambaa. Lusaka walimwona, wakamfanyia IRM (MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili), wakatupa picha kwenye diski. Mionzi ya nje wiki tano, kisha mionzi ya ndani. Wakasema pia damu yake ni kidogo, hemoglobini 7.8. Tumehesabu matibabu, chumba na chakula kwa wiki saba: dola 5,200. Tarehe ya kuanza tumeshapewa, zimebaki wiki tatu. Mkononi tuna 1,900.

Mdogo wangu wa kiume yuko Johannesburg, anafanya kazi ya kompyuta. Aliniomba nimtumie zile picha kwa intaneti ili azihifadhi. Kumbe alizipeleka kwa rafiki yake anayesomea mambo ya picha za hospitali, na rafiki akazipitisha katika programu inayotabiri kama uvimbe utasikia mionzi au hautasikia. Programu ikatoa jibu: asilimia 34 kwamba uvimbe utakwisha kabisa.

Akanipigia simu. "Yaya, dada yangu, tusidanganyane. Tuuze parseli kwa 34? Mama akifa, wewe na watoto mtalala wapi?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa analia. Yeye ndiye aliyeahidi dola 1,500, na sasa anasema afadhali fedha hiyo imtunze mama nyumbani kwa dawa za maumivu na chakula kizuri.

Mdogo wetu wa kike aliye Likasi anasema tuuze hata milango ya nyumba. Baba mdogo anasema parseli ni jasho la marehemu, haiuzwi. Yule wa nne hana neno, anangoja mimi niseme.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliposikia 34, kabla sijalia, kwa muda mfupi sana nilipumua. Niliona nyumba yangu imebaki. Halafu nilijichukia, na mpaka leo siwezi kumtazama mama machoni.

Je, ni kweli mashine inaweza kuona mbele namna hiyo? Nimwambie mama hiyo namba? Na tufanye nini na parseli? Nisaidie, mama.

Mtoto wa kwanza, Katuba

JIBU

Mwanangu,

Nianze na vile vitambaa. Mama yako anavifua alfajiri ili msimwone. Wewe umeficha 34 ili asiijue. Nyumba moja, wanawake wawili, kila mmoja anamkinga mwenzake kwa kunyamaza. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa muuguzi miaka mingi katika wodi ya wanawake, na karibu kila mara nilikuta mgonjwa anajua mengi kuliko watoto wake wanavyodhani. Mama aliyeuza unga kwa meka maisha yake yote anajua kupima. Amekwisha kupima uso wako tangu siku ulipopokea ile simu.

Barua yako imefunga mambo matatu katika fundo moja: namba ile ina maana gani, nani ana haki ya kuamua, na wewe na watoto mtalala wapi. Mdogo wako alipokupigia aliyasema yote matatu katika pumzi moja, na tangu hapo yamegandamana. Niruhusu niyafungue moja moja, na nitakaa zaidi kwenye namba, kwa sababu ndiyo imewatia ububu.

IRM haina mionzi. Ni sumaku kubwa yenye nguvu pamoja na mawimbi ya redio. Vinaamsha maji yaliyomo mwilini, na mashine inasikiliza jinsi maji hayo yanavyorudi kutulia. Kwa hiyo inaona nyama laini vizuri kuliko skana ya CT, na ndiyo sababu waganga wanaipenda kwa ugonjwa wa mama: inaonyesha uvimbe ni mkubwa kiasi gani na umefika wapi. Tangu mwaka 2018 hata kanuni za kimataifa za kupanga hatua za kansere hii zinakubali kutumia picha kama hizo.

Mdogo wako hakudanganywa kwamba picha hizi zinaweza kusema zaidi ya ukubwa. Kuna aina ya IRM inayofuata mwendo wa maji kati ya chembe za mwili. Mahali ambapo chembe zimebanana kama watu sokoni siku ya sikukuu, maji hayapiti. Chembe zikianza kufa kwa mionzi, nafasi inafunguka, maji yanatembea, na kipimo cha mwendo huo kinapanda, mara nyingi kabla uvimbe wenyewe haujaonekana kupungua. Kuna aina nyingine ambayo mgonjwa anadungwa dawa ya gadolini, halafu mashine inatazama damu inafika wapi ndani ya uvimbe na wapi haifiki. Hilo lina uzito wake, maana mionzi inahitaji oksijeni ili kuua chembe vizuri. Mwaka 1953, mtafiti Gray na wenzake wa London walieleza kwamba chembe zilizokosa oksijeni zinavumilia mionzi kuliko zilizoipata. Zinaweza kuhitaji dozi inayokaribia mara tatu. Na mwaka 1996, watafiti wa Mainz huko Ujerumani walipima oksijeni ndani ya kansere ya mlango wa kizazi yenyewe, kwa sindano maalumu, wakaona wanawake ambao uvimbe wao ulikuwa na oksijeni kidogo ndio walioendelea vibaya zaidi.

Basi swali la mdogo wako ni swali ambalo watu wenye elimu wanahangaika nalo kwa miaka mingi. Huko Marekani, daktari Nina Mayr na wenzake, tangu miaka ya 1990, walikuwa wanarudia IRM wakati mionzi inaendelea, ili waone uvimbe unanywea kwa kasi gani. Na hapa ndipo ninapotaka utulie, mwanangu. Picha moja iliyopigwa kabla ya tiba inasema kidogo. Kinachosema zaidi ni mabadiliko: picha ya kwanza ikilinganishwa na nyingine ya wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Ile programu imemwona mama yako mara moja tu, tena kabla hajapata hata mwonzi mmoja. Ni kama kumtazama mtu amesimama ukingoni mwa mto na kusema kama atavuka. Unaweza kuona mabega yake. Hujaona akiogelea.

Halafu jiulize, 34 hiyo ni ya nani. Programu hizi hufunzwa kwa picha za wanawake waliokwisha kutibiwa, ambao matokeo yao yanajulikana. Katika tafiti nyingi za namna hii wanawake hao ni makumi au mamia machache, mara nyingi wa hospitali moja, waliopigwa picha kwa mashine moja. Ukileta picha iliyopigwa na mashine nyingine, yenye sumaku ya nguvu nyingine, kwa mipango mingine, vipimo vinahama, ingawa uvimbe ni ule ule. Ningependa mdogo wako amuulize rafiki yake kwa upole: programu ilijifunza kwa wanawake wangapi? Ilijaribiwa kwa wanawake wa hospitali ambayo haikuijua? Walikuwemo waliotibiwa kwa mionzi ya nje peke yake, au wote walipata na ya ndani? Ilikuwa inajua kwamba hemoglobini ya mama ni 7.8? Sisemi namba ni ya uongo. Ninasema bado hamjui inasimama juu ya nini, na juu yake mmekwisha kuiweka parseli na mama.

Tena kuna neno "kwisha kabisa". Katika tafiti hizi, jibu kamili ni kwamba baada ya tiba uvimbe hauonekani tena. Mara nyingi hupimwa miezi mitatu hivi baada ya mionzi, kwa sababu kabla ya hapo nyama bado zimevimba na picha inaweza kupotosha. Asiyepata jibu kamili si lazima awe hakupata kitu. Nimeona wanawake ambao kansere yao haikwisha, lakini damu ilikatika katika wiki chache, harufu ikaondoka, wakarudi kukaa na watu, wakarudi kanisani bila kutafuta kiti cha nyuma karibu na mlango. Hayo hayamo ndani ya 34.

Na 34 mnailinganisha na nini? Mdogo wako ameiweka upande mmoja wa mizani, na upande wa pili akaweka "kumtunza nyumbani". Lakini kumtunza nyumbani nako kuna njia yake, na inapasa kuisema. Kansere ya mlango wa kizazi isiyotibiwa huendelea kutoa damu, huingia kwenye neva za mgongo na miguu, na mara nyingi huziba mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Dawa za maumivu ni haki ya mama kwa vyovyote vile, na mofini ikitolewa vizuri inasaidia sana. Lakini mofini haizuii damu wala haifungui figo. Hata waganga wakisema kuponya haiwezekani, mara nyingi bado hutoa mionzi ya siku chache tu ili kukata damu na kupunguza maumivu. Kwa hiyo si mionzi yote au hakuna kitu. Kuna njia ya katikati, na katika simu zenu sijaona mtu aliyeitaja.

Kuna kitu kingine katika habari hii ambacho sitaki kukipita haraka. IRM ile ile inayotumika kutabiri, inatumika zaidi kulenga. Wakati wa mionzi ya ndani, ile inayowekwa karibu kabisa na mlango wa kizazi, madaktari wenye IRM hutazama uvimbe uliobaki na kuipanga dozi iufuate, ikwepe kibofu na utumbo. Utafiti mkubwa wa namna hiyo unaoitwa EMBRACE ulifuata wanawake 1,341, na matokeo yakatolewa mwaka 2021: kwa miaka mitano, katika wanawake 100, kwa 92 hivi kansere ilibaki imedhibitiwa pale ilipoanzia, na 74 hivi walikuwa hai. Sikuandikii namba hizi ili uzishike badala ya 34. Wanawake wale walikuwa wa hatua mbalimbali, katika hospitali zenye vifaa vyote, na mama yako si wastani wao pia. Nakuandikia ili uone kwamba waliotengeneza picha hizi hawakuanza na swali la nani aachwe. Wanatafuta kujua yupi aongezewe dozi, yupi afuatwe kwa karibu, yupi apewe dawa ya ziada. Namba ndogo mikononi mwa daktari wa mionzi ni sababu ya kumwangalia mgonjwa zaidi. Ilipofika Johannesburg, ikapita kwenye simu, ikafika Katuba, imekuwa sababu ya kumwangalia kidogo. Sidhani kwamba mdogo wako alitaka hivyo.

Naomba usimfanye yeye kuwa adui. Yuko mbali, hawezi kumshika mama mkono wala kubeba ndoo ya maji. Alicho nacho ni fedha na kompyuta, na amejaribu kupenda kwa vile alivyo navyo. Lakini muulize swali moja, na wewe ujiulize kabla yake: kama programu ingesema 80, mngekwenda? Naamini ndiyo. Na 60? Na 50? Mstari mmeuchora wapi, na ni nani aliyeuchora? Wakiwa wanawake 100 wenye picha kama ya mama, na kwa 34 kati yao uvimbe unakwisha, hao 34 hawakuwa na alama kwenye paji la uso siku ya kwanza.

Sasa nije kwa mwenye mwili.

Katika barua yako yote, mama yako anabeba mfuko, anafua, anakalia kitambaa, analala. Hakuna mahali anaposema neno. Picha za tumbo lake zimevuka mipaka bila kuulizwa. Watoto wanne na baba mdogo wanajadili parseli anayolala. Sikulaumu. Hivi ndivyo tunavyofanya kwetu, tunamzunguka mgonjwa kwa huruma mpaka huruma inakuwa ukuta. Nakuuliza tu: ukiwa wewe, ungetaka mwanao akufanyie hivyo?

Kumwambia kuna hatari yake. Anaweza kusema, "Msiuze kitu, niacheni," si kwa sababu hataki kuishi bali kwa sababu ni mama, na mama akiona wajukuu na paa, atachagua paa kabla hujamaliza kusema. Ukimwambia 34 kavu, utakuwa umempa jiwe. Kutomwambia nako kuna hatari: akifika Lusaka na kusikia kwa mdomo wa mdogo wenu siku mmegombana, hatasahau. Wengine huanza na kumuuliza kabla ya kumwambia: "Mama, unapenda kujua kila kitu waganga wanachosema, au unapenda nikushikie mimi?" Wapo wanaotaka yote. Wapo wanaosema, "Niambie tu siku ya kwenda." Jibu lolote kati ya hayo ni lake. Akitaka kujua, jitahidi namba isitoke kwako peke yako. Daktari aliyemwona Lusaka ana haki ya kuisikia na kueleza anaionaje, na mama ana haki ya kumuuliza mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kibemba. Mnaweza kumpigia kabla ya safari. Mwulize pia hii 7.8, maana waganga wengi wanataka hemoglobini iwe 10 hivi wakati wa mionzi, na pengine mama aongezewe damu hapa hapa kabla ya kupanda gari. Hilo mngeweza kulifanya wiki hii, hata kabla ya kuamua lolote kuhusu parseli.

Juu ya parseli nitasema machache, kwa kuwa ninyi ndio mnaoijua. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 inawaweka watoto kuwa warithi wa kwanza, na inamwachia mjane haki ya kutumia nyumba aliyoishi na mumewe. Baba mdogo ni mkubwa wa ukoo na asikilizwe, lakini si yeye mwenye neno la mwisho. Tazameni karatasi ziko kwa jina la nani na muulize mtu wa sheria kabla ya kusaini kitu. Kuuza yote na kutouza kitu si njia pekee. Wapo waliokata parseli wakauza kipande. Wapo waliopangisha vyumba viwili wakapokea garanti, ile amana ya mpangaji, ya miezi kadhaa kwa mara moja. Ubaya wake ni kwamba mpangaji akitoka garanti inarudishwa, na familia nyingi husahau hilo mpaka siku ya ugomvi. Mnayo 1,900, na 1,500 za mdogo wako akikubali. Pengo linabaki 1,800, mwanangu, si 5,200. Hebu liandike hilo kwenye karatasi mlitazame wote.

Ila nikuonye juu ya hatari moja ambayo ni kubwa kuliko nyingine: kuanza na fedha ya nusu. Mionzi ya nje na ile ya ndani ni tiba moja. Nimeona familia zimemaliza wiki tano, fedha ikaisha, wakarudi nyumbani "kujipanga" kwa ajili ya ile ya ndani, wakakaa miezi. Tiba yote inatakiwa kumalizika ndani ya wiki nane hivi, siku 56. Kila siku inayopita baada ya hapo inapunguza nafasi ya uvimbe kudhibitiwa. Kama kuna namba moja ya kumsomea mdogo wako kwenye simu, msomee hii, maana 34 hamwezi kuigusa lakini 56 iko mikononi mwenu. Kama hamna uhakika wa fedha ya kumaliza, mwambieni daktari mapema, awaeleze nini kinaweza kupangwa: kusogeza tarehe kidogo, au ile mionzi mifupi ya kukata damu. Kusogeza nako kuna bei yake, uvimbe haungoji. Mkienda, mjue pia kwamba mama ataharisha, mkojo utamwunguza, atachoka. Na kwa muda mrefu baadaye mwili wake wa ndani utakuwa umebadilika. Aambiwe hayo kabla.

Na sasa ile pumzi.

Uliandika kwamba uliposikia 34 ulipumua, ukaona nyumba imebaki, kisha ukajichukia. Nilisoma sentensi hiyo, nikaweka barua chini. Mjane wa miaka 38 mwenye watoto watatu, ambaye paa lake lote liko juu ya kifo au uzima wa mama yake: ulitaka mwili wako ufanye nini? Kupumua kule hakukuwa kumtakia mama kifo. Kulikuwa ni woga wako uliokosa mahali pa kukaa tangu mumeo alipofariki, ukapata kiti kwa dakika moja. Lakini ukiuficha, utakaa ndani ya kila neno utakalosema kwenye kikao. Ukisema tuuze, utakuwa unajiadhibu. Ukisema tusiuze, utafikiri ni tamaa. Ndugu zako wanajua kwamba unaishi humo. Afadhali usikie mdomo wako mwenyewe ukisema, "Nami ninaogopa kukosa mahali pa kulala," ili wakujibu. Huenda aliye Likasi ana chumba. Huenda mdogo wako ana jibu ambalo halikuwahi kuulizwa.

Na wewe mwenyewe, nenda upimwe. Kansere hii haitoki kwa mama kama urithi. Inaletwa na kirusi cha HPV ambacho watu wengi huambukizwa wakati fulani maishani. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, wenye VVU miaka 25. Umekwisha kupita miaka hiyo, na watoto watatu wanakutazama.

Kesho alfajiri, kama una nguvu, amka kabla yake. Washa makaa kwenye jiko la mbabula, weka maji, na atakapotoka na ile beseni akukute umekaa pale nyuma ya nyumba. Huna haja ya kuanza na namba. Chukua kitambaa kimoja, fueni pamoja. Akitaka kusema, atasema. Na mdogo wako wa Johannesburg mpigie baada ya hapo, mama akiwa amekaa kando yako, simu ikiwa kwenye sauti kubwa.